Taa ya Injini Ilitoka Wapi? Historia Fupi, na Waya Mmoja wa Mjomba

Nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa. Sikuwa mbali, nilikuwa chini ya boneti ya pikapu ya mjomba. Leo tuweke programu kando kidogo, ingawa mtaona hatukuziacha mbali sana.

Mjomba hubeba kabeji kutoka Kinangop hadi Nairobi kwa Toyota ya petroli ya miaka ya tisini. Tangu mvua ianze, gari lilikuwa linakunywa mafuta kama ng'ombe aliyefika mtoni, na moshi mweusi juu yake. Fundi wa kwanza alibadilisha plagi. Wa pili alibadilisha sensa ya joto la maji, mara mbili! Hali ikawa ile ile. Faida yote ya kabeji ilikuwa inaishia kwenye tangi, na mjomba alikuwa ameshapata mnunuzi wa bei ya kutupa.

Akanipigia simu: "Mpwa wangu, si wewe ulisomea kompyuta? Hawa wananiambia gari lina kompyuta. Njoo uliangalie kabla sijaliuza."

Kompyuta kwenye gari la kabeji! Iliingiaje humo? Swali hilo ndilo lililonirudisha nyuma miaka mingi.

Jaribio lililoshindwa

Mwishoni mwa miaka ya 1950, kampuni ya Bendix ya Marekani ilitengeneza mtambo ulioitwa Electrojector, wa kupulizia injini petroli kwa kuongozwa na umeme badala ya kabureta. Chrysler wakauweka kwenye magari machache ya mwaka 1958. Wazo lilikuwa zuri, ila vifaa vya umeme vya wakati ule havikustahimili joto na unyevu wa chini ya boneti. Mengi ya magari hayo yalirudishiwa kabureta. Hataza za Bendix zilifika kwa Bosch wa Ujerumani, na mwaka 1967 Bosch wakatoa D-Jetronic, iliyofungwa kwenye Volkswagen. Safari hii ikafanya kazi.

Kumbuka hapo: adui wa kwanza wa umeme wa gari alikuwa joto na maji. Tutarudi kwake.

Moshi wa Los Angeles

Kilicholazimisha kompyuta kuingia kila gari ni hewa chafu. Miaka ya 1940 mji wa Los Angeles ulianza kufunikwa na ukungu unaochoma macho. Mwanakemia Arie Haagen-Smit, mzaliwa wa Uholanzi, alionyesha mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwamba ukungu huo unatokana na moshi wa magari na viwanda vya mafuta ukipigwa na jua. Mwaka 1967 California ikaunda bodi ya kusimamia hewa, na mwaka 1970 Marekani nzima ikapata sheria kali ya hewa safi.

Watengenezaji wakaweka kichujio cha kemikali kwenye ekzosi. Lakini kichujio kinachosafisha sumu zote tatu kuu kinataka mchanganyiko sahihi: takriban kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Kabureta ya kawaida haiwezi kushikilia kipimo hicho barabarani. Inahitajika sensa ya kupima na kompyuta ya kuamua. Kufikia mwaka 1981, General Motors walikuwa wameweka kompyuta kwenye magari yao madogo ya petroli ya soko la Marekani.

Fundi naye afanyeje na sanduku asiloweza kulifungua? Akapewa taa kwenye dashibodi. Ukiunganisha matundu mawili kwa kipande cha waya, taa inakonyeza namba ya kosa. Ndugu zangu waandishi wa programu, huo ni ujumbe wa hitilafu kwa balbu moja!

California ikalifanya jambo hili kuwa lazima kuanzia magari ya mwaka 1988. Shida ni kwamba kila kampuni ilikuwa na soketi yake na namba zake. Ndipo likaja toleo la pili, OBD-II, lililolazimishwa Marekani kuanzia magari ya mwaka 1996: soketi moja ya pini 16 na namba za pamoja. Ulaya ikafuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli.

Tofauti kubwa haikuwa soketi tu. Mifumo ya kwanza iliangalia zaidi kama waya umekatika au umegusana. Ile ya pili ilitakiwa pia kujiuliza kama habari inayoletwa na sensa inaingia akilini.

Turudi kwa mjomba

Pikapu yake ni ya kizazi cha kwanza. Nikaunganisha matundu TE1 na E1, nikafungua swichi bila kuwasha injini. Taa ikakonyeza mfululizo, maana yake: hakuna kosa. Nikaichomoa plagi ya sensa makusudi, nikapima tena: mbili, kimya, mbili. Namba 22, joto la maji. Basi taa ni nzima, ila haioni kasoro.

Sensa hiyo ni kizuizi kinachopungua kadiri maji yanavyopata moto: oumu 2,000 hadi 3,000 kwa nyuzi 20, na 200 hadi 400 kwa nyuzi 80. Injini ikiwa moto, nikazima kila kitu na kupima kwenye sensa yenyewe: oumu 300. Safi. Nikairudisha plagi, nikachomoa soketi ya kompyuta na kupima kutoka upande huo: oumu 2,400.

Oumu 2,100 zilikuwa zimejificha ndani ya waya! Kompyuta ilikuwa inaamini maji yana baridi ya asubuhi ya Kinangop, ikamwaga petroli siku nzima. Na kwa kuwa oumu 2,400 ni jibu linalowezekana, haikulalamika. Mshale wa joto kwenye dashibodi ulionyesha sawa kwa sababu una sensa yake nyingine.

Nikaufuata waya kwa vidole. Nyuma ya injini nikakuta kiungo cha zamani, nyaya zimesokotwa na kufungwa tepu. Ndani: kutu ya kijani. Kikulacho ki nguoni mwako.

Nikatoa betri, nikakata hadi kwenye shaba inayong'aa, nikaunga kwa risasi, nikavika mpira unaosinyaa kwa joto na kuusogeza waya mbali na ekzosi. Nikapima tena upande wa kompyuta: 300. Tukawasha. Moshi mweusi ukaisha.

Sensa mbili mpya zilinunuliwa bure. Mafundi wale hawakuwa wajinga. Walibadilisha kinachobadilika kwa urahisi, kama sisi tunavyobadilisha msimbo kabla ya kukagua data inayoingia. Pima ncha zote mbili za waya kabla ya kununua kitu.

Mnunuzi alipopiga simu, mjomba alimjibu kwa kifupi: "Gari haliuzwi."

Haya, tukutane wiki ijayo. Nitarudi kwenye programu, naahidi.