Arbuni ya Thales na Akiba ya Mstaafu

Aristotle amesimulia kwamba Thales wa Miletus, aliyechekwa kwa ufukara wake, aliweka arbuni kwenye vinu vya kukamulia zeituni wakati wa baridi, viliposimama bila kazi. Mavuno yalipofurika, akavikodisha kwa bei aliyoitaka. Opsheni ni arbuni ya namna hiyo: unalipa kidogo leo upate haki ya kununua au kuuza kwa bei mliyopatana, ukighairi, imeliwa. (Hata usipoghairi, haikatwi kwenye bei.)

Mchezo huo ulistawi Amsterdam katika karne ya 17. Uingereza iliupiga marufuku mwaka 1734, na madalali wakaendelea nao chini kwa chini. Tarehe 26 Aprili 1973 Chicago ikaufungulia soko rasmi: hisa za kampuni 16, mikataba 911 siku ya kwanza.

Akiba ya uzeeni, ambamo opsheni nazo huingia, ilikuja kwa njia ya machozi. Desemba 1963 Studebaker ilifunga kiwanda chake cha magari cha South Bend, Indiana, na maelfu ya wafanyakazi wakapoteza pensheni yote au sehemu kubwa. Ilichukua zaidi ya miaka 10 hadi Rais Gerald Ford aliposaini sheria ya kulinda pensheni, Septemba 1974, iliyozaa pia akaunti binafsi ya kustaafu, ambayo wakati huo kikomo cha kuchangia kilikuwa dola 1,500 kwa mwaka.

Sheria haikukataza opsheni. Ilichobana ni deni: ukiweka fungu la akaunti rehani, fungu hilo huhesabiwa kuwa umelitoa, na kodi inakungoja. Kwa hiyo mstaafu hununua opsheni kwa fedha taslimu, au huuza haki juu ya hisa 100 alizonazo tayari. Kuuza haki ya kununua hisa usizonazo hakuruhusiwi, maana hasara yake haina dari. Na hasara ndani ya akaunti hii ni chungu maradufu: huwezi kuitumia kupunguza kodi, wala kulifukia shimo kupita kikomo cha mwaka.

Wengi huuza haki juu ya hisa walizonazo, na wanaita hiyo tahadhari. Mimi nasita. Mwenye hisa ya dola 50 anauza haki ya kuinunua kwa 55, anapokea dola 2. Ikifika 80, anaiachia kwa 55. Tunamkumbuka Thales kwa jina, ila mstaafu huyu amekaa upande wa wenye vinu, waliopokea arbuni yao wakati wa baridi kisha wakatazama mavuno yakimjaza mwingine.