Shoti, kukatika na kufunga: kutaja hitilafu ya umeme wa gari

shoti nm [i-/zi-] 1. mwendo wa mbio wa farasi: *Farasi alikwenda shoti.* 2. upungufu wa fedha katika hesabu: *Kondakta amepata shoti leo.* 3. hitilafu inayotokea mkondo wa umeme unapopata njia ya mkato bila kupitia kwenye kifaa uliokusudiwa kukiendesha: *Moto huo ulisababishwa na shoti.*

Makala haya yanahusu maana ya 3.

Matumizi

Katika mazungumzo ya kila siku, shoti limekuwa jina la kila ubovu wa umeme. Taa isipowaka, honi isipolia, redio ikizimika, husemwa kuna shoti. Matumizi hayo yanaeleweka barazani, lakini katika mwongozo wa matengenezo au ripoti ya fundi yanapotosha, kwa kuwa kila aina ya hitilafu ina dalili zake na kipimo chake.

*Shoti*: mkondo huwa mkubwa kupita kiasi na fyuzi huungua. Katika gari, hutokea mara nyingi waya wenye umeme uliochubuka unapogusa bodi, kwa kuwa bodi imeunganishwa na upande hasi wa betri. Kuweka fyuzi kubwa zaidi hakuondoi shoti. Huufanya waya wenyewe uungue badala ya fyuzi.

*Kukatika*: njia ya umeme imekoma mahali fulani na mkondo haupiti kabisa. Fyuzi hubaki nzima.

*Muungano hafifu*: kiungo kimelegea au kimeshika kutu. Umeme hupita, lakini volti hupungua na kifaa hufanya kazi kwa kusuasua.

Mfano: kidumisha mwendo

Kidumisha mwendo ni kifaa kinachoshikilia kasi aliyoichagua dereva bila yeye kuendelea kukanyaga mafuta. Kisichanganywe na *kidhibiti mwendo*, jina lililokwisha kuzoeleka kwa kifaa kinachozuia gari, hasa matatu na mabasi, lisipite kasi iliyowekwa. Kimoja hudumisha, kingine huwekea mpaka.

Kidumisha mwendo kinapogoma, mtuhumiwa wa kwanza huwa swichi ya breki, iliyo karibu na pedali. Katika magari mengi swichi hiyo ina njia mbili za umeme. Ya kwanza hupitisha umeme pedali inapokanyagwa, na taa za breki huwaka. Ya pili hufanya kinyume: hupitisha umeme pedali ikiwa imeachwa, na huukata inapokanyagwa, kukatwa huko ndiko kunakokiamuru kidumisha mwendo kijizime.

Waya wa njia ya pili ukikatika, kompyuta ya gari huona hali ile ile ya breki iliyokanyagwa, nayo hukataa kudumisha mwendo. Fyuzi ni nzima na taa za breki zinawaka vizuri. Fundi aliyeandikiwa kuwa gari lina shoti atatafuta fyuzi iliyoungua na waya uliochubuka, asivione. Aliyeandikiwa kuwa *njia ya pili ya swichi ya breki haipitishi umeme pedali ikiwa imeachwa* atachukua mita na kupima pande zote mbili za swichi.

Dalili zikibadilika, jina nalo hubadilika. Vitufe vya usukani vikikosa kazi pamoja na honi, na taa ya onyo ya mfuko wa hewa ikawaka, yamkini utepe wa nyaya unaojikunja ndani ya usukani umekatika. Hapo usukani haufunguliwi kabla ya kutenganisha betri na kusubiri muda uliotajwa na mtengenezaji, kwani mfuko wa hewa unaweza kulipuka.

Angalizo: kufunga na kufungua

Wasemaji wengi hufungua redio ili iseme na huifunga ili inyamaze. Katika lugha ya ufundi mambo ni kinyume: saketi iliyofungwa ndiyo inayopitisha umeme, na iliyo wazi ndiyo isiyopitisha. Mfasiri akiandika tu *swichi hufungwa pedali inapoachwa*, msomaji anaweza kuelewa kuwa umeme unapaswa kukatika. Ataihukumu swichi nzima kuwa mbovu. Hatari zaidi, anaweza kuacha ile mbovu iliyogandamana, ambayo haikati umeme breki inapokanyagwa, akidhani ndiyo nzima. Na kidumisha mwendo hakitapata kupitia njia hiyo amri ya kujizima dereva anapofunga breki.

Inashauriwa kutumia *hupitisha umeme* na *hukata umeme*, na kutaja kila mara hali ya pedali.

Linganisha

Haifai: *Swichi ina shoti, ndiyo maana haifanyi kazi.*
Afadhali: *Swichi haipitishi umeme ingawa fyuzi ni nzima.*

Haifai: *Waya una shoti katikati.*
Afadhali: *Waya umekatika katikati*, au *Waya umechubuka na unagusa bodi*, kulingana na kilichoonekana.

Haifai: *Swichi imefungwa.*
Afadhali: *Swichi inapitisha umeme pedali ikiwa imeachwa.*

Pale ambapo chanzo hakijapimwa, neno salama ni *hitilafu ya umeme*. Shoti litajwe baada ya kipimo kulithibitisha.