Ng'ombe wa Ankole Hakuvuta Gari
Makaburu wa Afrika ya Kusini walihama katika miaka ya 1830 kwa magari yaliyokokotwa na maksai. Ankole haikuwa hivyo. Ng'ombe wa pembe ndefu alikuwa maziwa, mahari na heshima, hakufungwa nira. Tena sotoka ya miaka ya 1890 iliteketeza mifugo, na mbung'o wakawaua wanyama wa mizigo njiani. Basi shehena za boma la Mbarara zilifika vichwani mwa wapagazi. Hata wakimbizi wa Rwanda waliopelekwa Nakivale baada ya machafuko ya 1959 walikuja kwa miguu, baadhi yao wakiswaga ng'ombe. Hapana budi ikumbukwe kwamba kabla ya malori, aliyeijenga Mbarara kwa shingo yake ni mpagazi, ambaye jina lake halikuandikwa.