Shifti za Usiku Diani: Vile Utadoze Jua Likiwaka

Kama unachapa kazi hotelini Diani, iwe ni geti, jikoni ama risepsheni, ama wewe ni nesi hapo Msambweni, form unaijua. Wiki hii asubuhi, wiki ijayo usiku. Shida ni mwili hausomi rosta, unasoma mwanga. Ukitoka saa kumi na mbili asubuhi na jua la Ukunda likuchape usoni, ubongo unadhani siku ndio inaanza. Ndio maana unafika keja umechoka mbaya na usingizi hauji.

So anza na macho. Funika dirisha na leso mbili, zima simu, lala mapema kabla mabati hayajashika moto. Kahawa ya mwisho iwe katikati ya shifti, juu baada ya masaa kama matano nusu ya kafeini bado iko ndani yako. Na kama macho yanafunga, wacha nduthi kazini, panda mathree.

Hii si mambo ya uchovu tu. Mwaka wa 2007, na tena 2019, watafiti wa saratani wa WHO walisema kazi ya usiku huenda ikasababisha saratani.

Rosta nayo ikienda asubuhi, mchana, halafu usiku, mwili unazoea rahisi kuliko ikirudi nyuma. Ongeeni na mdosi mkiwa wengi. Na ofu usiuze: Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa angalau siku moja kwa kila saba. Ukinyimwa, tafuta mwakilishi wa KUDHEIHA hapo hotelini.