Whyalla: usiku injini mbili zilipozima juu ya ghuba

Saa 1 na dakika 1 usiku, tarehe 31 Mei 2000, rubani wa ndege ndogo aina ya Piper Chieftain aliomba msaada akiwa juu ya Ghuba ya Spencer, Australia Kusini. Injini zote mbili zilikuwa zimezima, naye alikuwa anajiandaa kutua majini. Alibeba abiria saba kutoka Adelaide kwenda Whyalla, mji wa viwanda vya chuma. Wote wanane walifariki. Abiria mmoja hakupatikana.

Robo karne imepita, na swali bado ni lile lile. Ndege hupewa injini mbili ili moja ikifa, nyingine ifikishe watu nyumbani. Ilikuwaje zote mbili zikafa katika safari moja?

Mabaki yalipoopolewa, injini ya kushoto ilikutwa na krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, iliyovunjika kwa uchovu wa chuma. Ya kulia ilikuwa na pistoni iliyotobolewa na joto. Desemba 2001, ATSB, idara ya uchunguzi wa ajali, ilitoa maelezo yake. Ilisema injini ziliendeshwa kwa mafuta kidogo na hewa nyingi wakati zikivuta kwa nguvu, hivyo masizi ya madini ya risasi yaliyomo kwenye mafuta yakajikusanya na moto ndani ya silinda ukazidi kipimo. Tena dawa iliyopakwa wakati wa kuunganisha injini ililegeza mshiko wa beringi za krenki. Ya kushoto ikatangulia kuharibika; ya kulia ikabebeshwa mzigo, ikaungua.

Familia nyingi zilielewa hivi: rubani, ambaye hakuwepo tena kujitetea, ndiye anayebebeshwa lawama.

Kisha mambo yakageuka. Mwaka 2002 kampuni ya Lycoming, iliyotengeneza injini hizo, iliagiza krenki za mamia ya injini nyingine ziondolewe kwa sababu ya kasoro za chuma. ATSB ikafungua upya jalada. Julai 2003 Wayne Chivell, hakimu mchunguzi wa vifo wa jimbo la Australia Kusini, aliikataa hoja ya ATSB. Kwake, krenki ilivunjika kwa sababu ya kasoro iliyotoka nayo kiwandani, wala si kwa namna rubani alivyoyabana mafuta. Uamuzi wake, uliojengwa kwa ushahidi wa wataalamu wa metali, ndio uliorudisha heshima ya rubani marehemu.

Jambo moja halikuhitaji wataalamu. Ndege ilivuka bahari usiku bila jaketi za kuokolea maisha, na sheria ya wakati huo haikuzidai kwa ndege ya ukubwa ule. Baada ya msiba, jaketi hizo zikawa dai la familia na la wachunguzi pia.

Sisi tunaoruka kila siku kwenda Unguja, Pemba na Mafia kwa ndege ndogo tusiisome habari hii kama ya mbali. Ufa wa Whyalla ulikuwa ndani ya chuma. Jicho la abiria lisingeuona. Abiria anamtegemea fundi anayefungua injini kwa wakati, kampuni inayoandika kila hitilafu bila kuficha, na mkaguzi asiyesaini asichokiona. Wenye mamlaka, zikagueni ndege hizi kabla msiba haujawalazimisha.