Nani Mwenye Maji ya Mweru?

Kabla ya ofisi kufika kwenye mwambao wa Ziwa Mweru, umiliki ulikabidhiwa kwa kapu la udongo na chungu cha maji. Masimulizi ya bonde la mto Luapula yanaeleza kwamba Nachituti, dada wa Nkuba, chifu wa Washila, alimpa Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda, vitu hivyo baada ya Walunda kumlipizia kisasi cha mwanawe aliyeuawa na Nkuba mwenyewe. Tangu hapo Walunda walitawala watu. Mabwawa na mikono ya mto, hata hivyo, vilibaki chini ya wazee wa koo za wenyeji, nao ndio walioufungua msimu wa uvuvi kwa tambiko.

Mkataba wa Mei 12, 1894 uligawa ziwa kati ya Waingereza na Kongo ya Mfalme Leopold. Mpaka huo haukuwabana wavuvi mapema kama malale yalivyowabana. Kuelekea 1910, kampuni ya Kiingereza iliyotawala upande wa mashariki iliamuru vijiji vihame ukingoni ili watu wakae mbali na mbung'o, na wengi hawakuruhusiwa kurudi hadi mwanzoni mwa miaka ya 1920. Amri ya afya ikawa, kwa vitendo, sheria ya nani akae kando ya maji.

Kisha, upande wa Waingereza, ikaja Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya 1929. Serikali ya kikoloni ilitaka chifu wa kuandikiana naye, mwenye mahakama, na Mwata Kazembe aliifaa. Mzee wa bwawa hakuwa na safu katika daftari. Hapo ndipo ngazi ya utawala ilipoanza kuonekana kana kwamba ni mila ya kale.

Wakati huo migodi ya Katanga, upande wa Kongo, ilikuwa ikinunua samaki bila kuchoka. Mpumbu, samaki aliyevuliwa akipanda Luapula kuzaa, alikuwa ameadimika kufikia mwishoni mwa miaka ya 1940.

Leo wilaya ya Nchelenge, upande wa Zambia, inafuata Sheria ya Uvuvi ya 2011: leseni, kamati za usimamizi, na marufuku ya kuvua kuanzia Desemba 1 hadi mwisho wa Februari. Tarehe moja ya nchi imechukua nafasi ya tambiko la kila bwawa. Kasoro kubwa ya sheria hiyo iko majini: doria ya Zambia hukomea mpakani, na ng'ambo leseni hutolewa na dola nyingine.