Fidia ya kuumia kazini na misaada ya serikali (Tanzania)

Fidia ya kuumia kazini ni malipo anayostahili mfanyakazi aliyeumia au kuugua kwa sababu ya kazi yake. Tanzania Bara inaisimamia kwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008, Sura ya 263, kupitia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioanza kazi Julai 2015. Anayechangia ni mwajiri peke yake.

Mfuko hulipia matibabu. Anayeshindwa kufanya kazi kwa muda hulipwa asilimia 70 ya mshahara kwa muda usiozidi miezi 24. Ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo, na unaozidi hapo huleta pensheni ya kila mwezi.

Kwa upande wa misaada ya serikali, Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, unaoendeshwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), hauchangiwi na wanufaika. Hutazama hali ya kaya nzima. Kwa hiyo fidia inayoinua maisha ya kaya yaweza kugusa sifa yake ya kubaki mpangoni. Uingereza ni tofauti: kwa sheria ya 1997, serikali hurejeshewa baadhi ya misaada kutoka kwa mlipa fidia.

Katika kata ya Saza, mkoani Songwe, kwenye ukanda wa dhahabu wa Lupa, suala la fidia ya kuumia kazini ni zito. Mwajiriwa wa mgodi analindwa na Mfuko. Mchimbaji mdogo asiye na mwajiri, mkono wake ukinaswa na karasha (mashine ya kusaga mawe), hana wa kumdai. Hilo ndilo pengo kubwa la mfumo huu.